Bandari Zilizohama: Safari Yetu ya Motokaa kutoka Zinga hadi Pangani

Watu wengi wa pwani yetu hudhani ya kuwa kukodi motokaa na kuzunguka nayo kutazama nchi ni jambo la wageni. Mgeni hushuka uwanja wa ndege, hukodi gari pamoja na mkewe, kisha huzunguka siku tano akipiga picha. Wageni hao hao huenda hata visiwa vya mbali vya Thailand kwa kazi hiyo hiyo ya kutembea polepole na kusimama wapendapo. Sisi tuliozaliwa hapa twapita kando ya bahari yetu kila wiki ndani ya basi, tumebanwa kama dagaa, na basi halisimami ila penye kituo.

Katika likizo ya mwezi wa Juni, mwaka wa 2023, mimi na mke wangu tulikodi motokaa kwa siku nne, tukaenda nayo kutoka Zinga hadi Pangani. Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze tuliyoyaona. Sitaeleza yote. Nataka kueleza hasa jambo moja lililotushughulisha njia nzima, nalo ni hili: kwa nini bandari za pwani hii hazikai mahali pamoja.

Kwanza habari za kukodi, maana najua wapo watakaouliza. Tulikodi kwa mtu mmoja mwenye magari machache. Kabla ya kutoa fedha yafaa kuusoma mkataba wote, na kuuliza bima ni ya namna gani, kwa sababu bima ya chini humlipa mtu mwingine uliyemgonga tu, wala haikulipii gari ulilokodi. Zungukeni gari pamoja na mwenyewe, mchana kweupe, mkaandike kila mkwaruzo. Siku hizi picha za simu zatosha. Tazameni gurudumu la akiba na jeki. Sisi tulilikuta gurudumu la akiba halina upepo, nalo likajazwa pale pale. Tena ulizeni kama magurudumu yote manne huvuta. Kutoka Zinga hadi mjini Bagamoyo ni lami, lakini mbele ya hapo kuna mchanga na udongo mweusi, ambao ukilowa hushika kama gundi. Katika vijiji mwendo ni kilometa 50 kwa saa, na askari wa barabarani hawalali. Basi, yatosha.

Kutoka Zinga hatukwenda moja kwa moja Bagamoyo. Tulikunja kulia, tukashika njia za Mlingotini na Mbegani. Hapo bahari imeingia ndani ya nchi kavu ikafanya hori pana lenye maji matulivu, na ng'ambo ya maji huonekana mstari wa kijani wa mikoko. Mbegani ndipo kilipo chuo cha uvuvi cha serikali. Mlingotini wanawake hulima mwani, na mke wangu alipokuwa msichana alifanya kazi hiyo pamoja nao. Kwa hiyo habari za maji ni yeye aliyenifundisha, ijapokuwa mwalimu wa jiografia ni mimi.

Kazi ya mwani haifuati saa ya ukutani, hufuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, maji yakajaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Wakati huo mkulima wa mwani aweza kutembea mbali juu ya mchanga mtupu mpaka penye kamba zake. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila mmoja upande wake, maji yakawa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Katika mlango wa bahari ulio kati yetu na Unguja, tofauti ya maji makuu na maji madogo wakati wa bamvua hupita mita tatu. Nawaomba wanafunzi wakumbuke jambo hili, kwa maana ndani yake ndimo lilimo jibu la nusu ya historia ya Bagamoyo.

Sasa nieleze kwa nini safari hii haikuwa ya starehe tupu. Mke wangu ana sehemu ya shamba la minazi huko Zinga, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Minazi mingi imezeeka, nayo yataka kupandwa upya. Mnazi mrefu wa kienyeji hukaa miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa vizuri, kisha huzaa muda mrefu kuliko maisha ya mpandaji. Lakini mwezi wa Machi mwaka wa 2013 serikali yetu ilitia sahihi mapatano na Wachina ya kujenga bandari kubwa Mbegani, pamoja na eneo la viwanda nyuma yake. Baadaye na nchi ya Oman ikaingia. Tarehe 16 Oktoba mwaka wa 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi. Kisha kazi ikasimama, na mwaka wa 2019 Rais Magufuli alisema hadharani ya kuwa masharti yake hayakubaliki, mojawapo likiwa kukodisha ardhi kwa miaka 99. Mwaka wa 2021 Rais Samia akatangaza ya kuwa mazungumzo yatafufuliwa. Katika miaka hiyo yote mtu wa Zinga, wa Pande, wa Kondo au wa Mlingotini aliyetaka kujenga choo au kupanda mnazi alijiuliza kwanza: nitaachwa hapa, au nitahamishwa?

"Baba watoto," mke wangu aliniuliza tukiwa tumesimama juu ya mchanga wa Mbegani, "tupande au tusipande?"

Sikuwa na jibu. Ila nilimwambia ya kuwa mbele yetu njiani ziko bandari nne za kale, na kila moja ilikuwa na watu waliodhani ya kuwa meli zitakuja siku zote. Tuzitazame, labda zitatusaidia kufikiri.

Ya kwanza ni Kaole, mwendo wa kilometa tano hivi kabla ya kufika Bagamoyo. Watu wengi wa kwetu hupaita "magofu" tu, wakapapita. Mimi nawasihi mtu asipapite. Hapo palikuwa na mji wa Waislamu uliositawi tangu karne ya 13 hivi mpaka karne ya 16, nao una misikiti miwili na makaburi mengi, yote yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwaka wa 1958 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba hapo. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu za mawe, na katika nguzo yalipachikwa mabakuli ya Kichina kama pambo. Hebu fikirini: bakuli limetengenezwa Uchina, limevuka bahari kwa vyombo vya watu mbalimbali, likaishia juu ya kaburi la mtu wa Kaole! Mji uliopata vitu hivyo haukuwa kijiji cha wavuvi tu, bali ulikuwa mlango wa biashara.

Mzee aliyetuongoza alituonyesha kisima karibu na msikiti. Maji yake ni matamu, ijapokuwa bahari i karibu. Wengi huona ni mwujiza, na sitaki kubishana nao, lakini sababu yake yaelezeka. Mvua hunyesha, maji yake huzama mchangani. Maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo chini ya ardhi hayo matamu hukaa juu ya yale ya chumvi, kama vile mafuta yakaavyo juu ya maji, ila hapa tabaka mbili huchanganyika kidogo penye mpaka wake. Anayechimba kisima kifupi hukuta maji matamu. Anayechimba sana, au anayeteka kupita kiasi, huvuta chumvi. Kwa kisima cha namna hiyo mji uliweza kuishi ufukoni, na vyombo viliweza kujaza mapipa kabla ya safari.

Tukamwuliza mzee, "Shikamoo babu, bahari i wapi?" Kwa kuwa tulikuwa twategemea kuiona mbele ya msikiti, nasi twaona miti tu. Akacheka, akatupeleka kwa miguu. Kati ya magofu na maji ya bahari sasa kuna msitu wa mikoko na tope.

Hapo yafaa nieleze vizuri. Mkoko haufanyi tope; mkoko hushika tope. Mito na vijito vya mvua huleta udongo baharini. Penye mawimbi makali udongo huo huchukuliwa, lakini ndani ya hori lenye maji matulivu hutua chini. Tope likipata kimo cha kutosha, miche ya mikoko hushika mizizi. Mizizi yake yasimama kama miguu ya buibui, na mchu hutoa vijiti vingi kama vidole vya kupumulia. Katikati ya miguu na vidole hivyo maji hupunguza mwendo, nalo tope jingine hutua. Mwaka hata mwaka nchi kavu husogea mbele na bahari hurudi nyuma. Jambo la kusikitisha ni hili: yale maji matulivu yaliyowavuta mabaharia wa kwanza ndiyo yaliyolikaribisha tope. Si Kaole peke yake. Mji wa Efeso huko Uturuki, ambao wasomaji wa Biblia wanaujua, ulikuwa bandari kubwa ya dola ya Warumi. Mto uliijaza bandari ile kwa udongo, na leo magofu yake yako kilometa kadhaa mbali na maji.

Mke wangu alisimama kimya akitazama ile mikoko. Halafu akasema ya kuwa mikoko ile ingalikuwa Mlingotini, wangalipata kuni na nguzo za kujengea, kisha akakumbuka ya kuwa kukata mikoko ni marufuku bila kibali, tukacheka.

Kutoka Kaole hadi mjini Bagamoyo si safari. Siku ya pili asubuhi tulishuka ufukoni, karibu na jengo la forodha la zamani, penye soko la samaki. Tulifika maji yamepwa. Majahazi na mashua yalikuwa yamelala ubavu juu ya mchanga wenye tope, na wachukuzi walikuwa wakienda na kurudi katika maji ya magoti, mizigo vichwani. Hivyo ndivyo Bagamoyo ilivyofanya kazi katika karne ya 19, ilipokuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka hapo, na watu waliotekwa walishushwa hapo, wakavushwa mpaka Unguja. Stanley aliondoka hapo mwaka wa 1871 kwenda kumtafuta Livingstone. Na mwezi wa Februari mwaka wa 1874 maiti ya Livingstone ililetwa hapo na watu wake, wakiwamo Chuma na Susi, ikalazwa katika misheni iliyoanzishwa mwaka wa 1868. Watembezaji wageni wana masimulizi mengi juu ya maana ya jina la Bagamoyo. Kila mwanafunzi ameyasikia, sina haja ya kuyarudia.

Nililotaka kuonyesha ni lile tope. Mto Ruvu, utokao katika milima ya Uluguru, humwaga maji yake baharini kaskazini ya mji, na pwani nzima ya hapo ina kina kidogo na mteremko mdogo. Kwa jahazi haikuwa taabu. Jahazi huingia maji yakijaa, hukaa juu ya mchanga yakipwa, hushusha mizigo, na maji yakirudi huelea tena likaenda zake. Kwa chombo cha namna hiyo Bagamoyo ilikuwa bandari njema kabisa. Lakini meli ya moshi ya chuma haiwezi kukalia mchanga. Ilibidi itie nanga mbali, na kila gunia lipakuliwe katika mashua, na kutoka mashua lichukuliwe vichwani.

"Mashua hungoja maji," mke wangu akasema, "lakini meli haingoji mtu."

Wajerumani walipotwaa pwani waliweka makao yao makuu Bagamoyo, kisha mwaka wa 1891 wakayahamishia Dar es Salaam. Ni rahisi kuona sababu. Dar es Salaam ina hori lenye kina, limezungukwa na nchi pande zote, na mlango wake ni mwembamba; Sultani Majid alikwisha kuliona hilo katika miaka ya 1860, alipoanza kujenga mji huko. Kisha mwaka wa 1905 ikaanzwa reli ya kati kutoka Dar es Salaam, nayo ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Reli hiyo ilifuata karibu njia ile ile ya misafara, ila mwisho wake haukuwa Bagamoyo tena. Mchukuzi wa Kinyamwezi hakuwa na kazi, na duka lililomwuzia nguo na shanga halikuwa na mnunuzi. Nyumba za mawe zilibaki, na milango yake ya nakshi. Basi si tope tu lililoihamisha bandari. Chombo cha baharini kilibadilika, na njia ya bara ikabadilika, na mji haukuweza kuvifuata.

Siku hiyo hiyo tulikwenda kaskazini, tukavuka Ruvu na Wami, mpaka Saadani. Hapo ni hifadhi ya taifa inayofika mpaka ufuko wa Bahari ya Hindi. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, lakini langoni hawapokei fedha taslimu, kwa hiyo jitayarisheni kulipa kwa simu au kadi. Humo hairuhusiwi kushuka garini ovyo wala kutembea usiku. Tuliona twiga, ngiri, kuro na tohe, tena nyani wengi kuliko tulivyotaka. Kasa huja kutaga mayai katika mchanga wa Madete.

Wachache wanajua ya kuwa Saadani ilishindana na Bagamoyo. Mwaka wa 1877 Mskoti mmoja wa misheni, Alexander Mackay, alifyeka barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa ili magari ya ng'ombe yapite. Barabara ilipatikana, lakini ng'ombe waliokokota magari waliuawa na ugonjwa wa mbung'o, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Mwaka wa 1889 Wajerumani waliushambulia mji kwa sababu Bwana Heri, mkubwa wa hapo, alikataa kutawaliwa nao. Aliweka silaha chini mwaka uliofuata. Leo ni kijiji cha wavuvi. Hapa sikuona haja ya kumweleza mke wangu sana. Aliutazama ufuko uliolala sawa kama mkeka, akasema, "Na hapa pia maji mafupi."

Siku ya tatu tulipita Mkwaja na Mwera mpaka Bweni, tukitikiswa njia nzima, kwa kuwa barabara ilikuwa ikitengenezwa. Karibu na Pangani iko Kikogwe. Mwaka wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, na katika hiyo ndiyo asili ya mkonge wa nchi yetu. Mke wangu aliipenda habari hiyo kuliko zote za safari.

Motokaa ikavushwa mto kwa kivuko, mpaka mjini Pangani. Mji huo una mto mkubwa na maji mengi, ungedhani ni bandari isiyokufa. Lakini mtoni mlangoni mna fungu la mchanga, kwa maana mto huleta mchanga na mawimbi huusukuma urudi, navyo vikikutana mchanga hukaa. Jahazi hupita maji yakijaa; meli kubwa haipiti. Mwaka ule ule wa 1893 ikaanza kujengwa reli kutoka Tanga, penye ghuba yenye kina, kwenda Usambara, na ilipofika Moshi mwaka wa 1911 biashara ya bonde la Pangani ilikuwa imepita upande mwingine. Hapo Pangani ndipo Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, aliponyongwa tarehe 15 Desemba mwaka wa 1889.

Usiku tulikaa barazani kwenye nyumba ya wageni, tukarudi kwenye swali la Mbegani. Meli kubwa za makontena za siku hizi hutaka kina cha mita 14 na zaidi. Hori la Mbegani halina kina hicho kwa asili. Itabidi kuchimba mfereji na kuuchimba tena na tena, kwa sababu tope halikomi kutua. Kwa fedha jambo hilo lawezekana, na bandari nyingi za dunia huishi kwa kuchimbwa. Basi si bahari itakayoamua, ni watu, na watu wamekwisha kubadili nia mara tatu katika miaka kumi. Nilimwambia hivyo waziwazi: sijui njia ya kuhesabu nia za watu.

Yeye alihesabu kwa namna nyingine. Alisema miche ya minazi si ghali, ghali ni miaka. Ikiwa bandari haiji, na sisi hatukupanda, basi tutakuwa tumepoteza miaka pamoja na minazi. Lakini hakutaka kuweka shamba zima katika minazi. Tulikubaliana kupanda miche thelathini upande wa juu, ambako mizee imekwisha kuanguka, na upande wa chini tulime mihogo, ambayo huvunwa karibu mwaka mmoja baada ya kupandwa. Tena alitaka jambo moja ambalo mimi sikulifikiri: mipaka ya shamba ipimwe, ndugu zake wote waliorithi watie sahihi zao, na kila mti uandikwe, ili mtu yeyote ajaye kuhesabu akute hesabu yetu tayari.

Siku ya nne tulirudi kwa njia ya Muheza, Segera na Msata, tukafika Bagamoyo kabla ya magharibi. Mwenye gari alilizunguka pamoja nasi akiwa na zile picha za simu, asione mkwaruzo mpya. Akaturudishia amana yetu yote, isipokuwa gharama ya kuosha tope.